Nyumba yako, ardhi ya mwingine: njia za kupata haki ya ardhi Mombasa zikilinganishwa

Mwenye nyumba ya Kiswahili kule Majengo au Kisauni anaweza kuwa na kila haki juu ya kuta, mabati na milango. Anaweza kuiuza, kuipangisha na kuwaachia wanawe, na bado asiwe na haki ya hata shubiri moja ya udongo. Ardhi ni ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi. Utaratibu huu wa nyumba bila ardhi umekuwepo Mombasa vizazi na vizazi, na mahakama zimeutambua. Kando yake wako watu wa Likoni na Changamwe ambao hawajawahi kumlipa yeyote, na wengine waliojenga kwenye ardhi ya serikali. Wakati wa kampeni wote huitwa maskwota na wote huahidiwa hati. Tatizo ni kwamba njia inayomfikisha mmoja kwenye hati inaweza kumtoa mwingine nje ya nyumba yake.

Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza uendeshaji wa ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye dai ndani ya ukanda alilete lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na karatasi, fedha na habari za ofisini walisajili. Jamii nyingi za Wamijikenda, zilizomiliki kwa ukoo na kwa matumizi, zilibaki nje ya daftari. Mwambao ulipoungana na Kenya mwaka 1963, makubaliano yalisema kuwa hati zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Katiba ya 2010 inalinda mali katika Kifungu cha 40, inatoa haki ya makao katika Kifungu cha 43, na katika Kifungu cha 60 inataka ardhi ipatikane kwa usawa. Mageuzi yoyote ya ardhi Mombasa hupita katikati ya vifungu hivyo vitatu, kwa hiyo hakuna njia ya bure. Kuna ya bei nafuu, ya haraka, na ya uhakika, na mara chache zote tatu hukutana.

Karatasi za kukusanya kabla ya kuchagua

Anzeni na upekuzi rasmi, ule watu huuita sachi, katika ofisi ya usajili wa ardhi. Mtahitaji nambari ya ploti. Nyingi za Mombasa hubeba herufi MN kwa bara ya kaskazini au MS kwa bara ya kusini, pamoja na nambari ya sehemu. Asiye na nambari amtafute mpima ardhi aliyesajiliwa aisome kutoka kwenye bikoni (alama za mipaka) za karibu na ramani ya usajili. Matokeo ya upekuzi yataonyesha jina la mmiliki, ukubwa, kama ni umiliki wa kudumu au wa muda na miaka mingapi imebaki, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Msisome jina peke yake. Ardhi iliyowekwa rehani haiuziki mpaka benki iridhie, na makundi mengi hugundua hilo baada ya kulipa arubuni.

Karatasi ya pili ni ushahidi wa jinsi mlivyoingia. Chukua stakabadhi moja ya kodi ya ardhi uitazame vizuri: jina la aliyelipa, jina la aliyepokea, nambari ya ploti, mwezi, na maneno "kodi ya ardhi". Kwa anayetaka kununua, au kulipwa fidia akiondolewa, karatasi hiyo ni ushahidi mzuri kuliko wote. Kwa anayetaka kwenda korti kudai ardhi kwa kuikalia miaka 12, karatasi hiyo hiyo ndiyo itakayomwangusha, kwa kuwa inaonyesha alikaa kwa ruhusa ya mwenyewe.

Ya tatu ni orodha ya wakaazi. Ifanyeni kwa siku moja, nyumba kwa nyumba: nambari mliyoiandika mlangoni, jina na kitambulisho cha mwenye nyumba, idadi ya vyumba, idadi ya wapangaji, mwaka wa kuingia, na sahihi za majirani wawili. Mzee wa mtaa na chifu waitie muhuri siku hiyo hiyo, kisha ifungwe. Orodha inayoachwa wazi kwa miezi hukua usiku. Tetesi za hati zikianza tu, vibanda vya mabati huota kwenye kila nafasi na majina ya watu wasiojulikana mtaani hutokea kwenye karatasi.

Kununua wenyewe au kusubiri serikali inunue

Hizi ndizo njia mbili zinazogombaniwa zaidi, na nyingi ya hoja zinazotolewa huchanganya bei na muda.

Tuchukue mfano wa ekari moja yenye familia 40, mwenyewe yuko hai na amekubali kuuza kwa Sh6,000,000. Kila familia itatoa Sh150,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani Sh240,000 kwa ploti nzima, Sh6,000 kwa kila familia. Kuna wakili, mthamini, mpima ardhi na idhini ya kaunti ya kugawanya, basi wekeni asilimia 15 juu ya bei ili msikwame, ushuru wa stempu ukiwa ndani yake. Jumla inafika Sh172,500 kwa familia. Ikilipwa kwa miezi 24 ni karibu Sh7,200 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni karibu Sh4,800. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, ni ya muuzaji. Muuzaji akijaribu kuiingiza kwenye bei yenu, iandikwe wazi ili mjue mnalipa nini.

Sasa ulinganishe na serikali. Shamba la Waitiki kule Likoni, lenye zaidi ya ekari 900, lilinunuliwa na serikali kuu, na hati zikatolewa kwa wakaazi Januari 2016. Wakaazi walitakiwa kurejesha Sh182,000 kila mmoja, na malipo hayo yalizua ubishi wa kisiasa tangu mwanzo. Kiasi hicho ukikigawa kwa miaka 12, yaani miezi 144, kinatoka chini ya Sh1,300 kwa mwezi. Jumla haiko mbali na ya mfano wetu wa kununua wenyewe. Kinachobadilika ni muda, na kwa mama anayeuza viazi karai, tofauti ya Sh1,300 na Sh4,800 kwa mwezi ndiyo tofauti ya kubaki au kuondoka.

Lakini muda huo una bei yake. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu mipango ya makazi kupitia Hazina ya Makazi ya Ardhi, na mpango wa namna hii huanza pale serikali kuu inapotenga fedha. Hauanzi kwa sababu mtaa uko tayari. Hufuata uthamini, majadiliano na mmiliki, kamati ya kuteua wanufaika, upimaji, kisha barua za kupewa ploti. Ardhi hubaki kwenye rehani ya hazina mpaka umalize kulipa, na masharti huzuia kuuza kiholela. Hilo la mwisho sisi tunaliona kuwa faida, ingawa wengi hulilalamikia. Bila kizuizi, mnunuzi mwenye fedha huvuka feri asubuhi na kurudi jioni na ploti tano.

Kosa la kawaida hapa ni kubisha mlango usio wake. Wakaazi huandamana hadi makao ya kaunti wakidai gavana anunue shamba, ilhali ununuzi wa ardhi kwa ajili ya maskwota ni kazi ya serikali kuu. Kaunti inashughulika na upangaji wa ardhi, upimaji, barabara za mtaa na mitaro. Ombi likienda pasipo pake, hujibiwa kwa adabu na kuwekwa kabatini.

Kwa kununua wenyewe, mambo manne huharibu. La kwanza ni mmiliki aliyefariki. Ukoo wa Mombasa unaweza kuwa na warithi Old Town, Malindi, Maskati na London, na mmoja wao akaja na koti zuri kuuza "sehemu yake". Bila barua za usimamizi wa mirathi, au amri ya Kadhi pale marehemu alipokuwa Mwislamu na warithi wakaenda huko, hakuna wa kumlipa. Subirini mirathi, hata ikichukua mwaka. La pili ni dalali anayetaka fedha zipitie mkononi mwake. Fedha ziende kwenye akaunti ya mawakili na zishikwe hapo mpaka hati ya uhamisho iwe imetiwa sahihi. La tatu ni muda wa kukamilisha: mikataba ya kawaida ya mawakili hutoa siku 90, na kundi la wauza samaki na makanga wa matatu haliwezi. Dai awamu kwenye mkataba wenyewe, pamoja na kifungu kinachosema fedha mlizokwisha kulipa zitapewa kipande cha ardhi cha thamani hiyo mkishindwa kumaliza.

La nne ni vipimo, na hili hakuna anayelihesabu mapema. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Njia za kupita na mitaro zikichukua robo, zinabaki karibu 3,035, na kwa familia 40 ni mita za mraba 76 kila moja. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, kila chumba mita tatu kwa tatu na ukumbi wa mita 1.8, tayari imekula mita za mraba 70, na uani haujahesabiwa. Kwa hiyo siku mpima anapopigilia bikoni, kigingi kitasimama katikati ya uani wa mtu, baina ya jiko na choo, na shimo la choo litabaki upande wa jirani. Kubalianeni kabla ya kuchanga shilingi ya kwanza: nani atasogezwa, nani atalipa choo kipya, na vyoo vingapi vitakuwa vya pamoja.

Korti: kudai kwa kukaa miaka 12

Sheria ya Ukomo wa Madai inasema mmiliki asiyechukua hatua kwa miaka 12 hupoteza haki ya kumtoa aliyekaa, na aliyekaa anaweza kuomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imsajili kuwa mmiliki. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ikiwa Malindi ilikubali kuwa kanuni hii haipingani na Katiba. Kwa gharama ya ardhi yenyewe, ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote, kwa kuwa mmiliki halipwi kitu.

Masharti yake ni makali. Ukaaji uwe wa wazi, mfululizo, bila ruhusa na bila kodi. Ardhi ya serikali haiguswi kwa njia hii. Ombi hupelekwa pamoja na hati ya kiapo na nakala iliyothibitishwa ya usajili wa ardhi. Kesi nyingi huanguka kwa kukosa karatasi hiyo moja, au kwa sababu walalamishi 60 wamedai "ardhi yetu" bila mchoro unaoonyesha nani ameshika kipande gani. Lipieni mpima ardhi kabla ya wakili.

Mambo mawili huwashangaza watu. Mmiliki kubadilika hakukatizi hesabu ya miaka, wala barua yake ya kuwaamuru mhame. Kinachoikatiza ni kesi aliyoifungua au kuingia kwake ardhini na kuichukua kweli. Kwa upande mwingine, ninyi wenyewe mnaweza kuikata kwa kalamu yenu. Barua yenye sahihi zenu, ya kumwomba mwenye ardhi awauzie, ni kukiri kwamba ardhi ni yake, na ikiandikwa kabla ya miaka 12 kutimia, hesabu huanza upya siku hiyo. Kwa sababu hiyo kundi haliwezi kuendesha kununua na korti kwa pamoja. Kamati ikiwa na watu wawili wenye haraka, mmoja akaenda kwa wakili na mwingine akaandika barua kwa mmiliki, njia zote mbili zitadhoofika.

Ardhi ya umma: mpango, kupimwa, kisha hati

Hapa mambo ni mepesi kidogo, kwa kuwa hakuna wa kulipwa fidia. Mradi wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda, KISIP, unaoungwa mkono na Benki ya Dunia, umefanya kazi Mombasa kwa utaratibu huu: kuhesabu wakaazi, kuchagua kamati ya mtaa, kuchora mpango wa matumizi ya ardhi, kupima, barua za kupewa ploti, na mwisho hati ya umiliki wa muda, ambao kwa kawaida ni hadi miaka 99. Barabara, mitaro na taa huja pamoja au hutangulia. Fedha hizo za umma haziwezi kumwagwa kwenye ardhi ya mtu binafsi, ndiyo maana mitaa miwili inayotazamana inaweza kuwa mmoja na lami na mwingine matope.

Hifadhi ya barabara, ya reli, ufuo na ardhi iliyo chini ya nyaya kubwa za umeme havipati hati kwa mpango wowote. Atakayewaahidi huko anawadanganya. Anayekaa huko apiganie kuhamishwa kwa utaratibu na kupewa mahali pengine, na sheria inampa silaha: notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, iwe ni ardhi ya umma au ya mtu binafsi, na haki ya kwenda mahakamani ndani ya muda huo.

Kaunti pia inaweza kutangaza mtaa kuwa eneo maalum la upangaji chini ya sheria ya upangaji ya 2019. Mukuru, Nairobi, ilitangazwa hivyo mwaka 2017 chini ya sheria iliyotangulia. Faida yake kubwa ni kwamba vipimo vya kawaida vya ploti na upana wa barabara vinaweza kulegezwa. Bila hilo, mtaa uliobanana unapopangwa kwa vipimo vya mtaa wa kitajiri kama Nyali, nusu ya nyumba zitaangukia barabarani.

Lizi iliyosajiliwa, hasa kwenye ardhi ya wakfu

Baadhi ya ardhi ya Mombasa ni wakfu, yaani imetengwa daima kwa ajili ya dini, hisani au familia. Haiuzwi, hairithiwi, na kuchangisha fedha za kuinunua ni kupoteza wakati. Lakini inaweza kukodishwa, na hapa iko njia ambayo makundi huiruka bila kuitazama: kugeuza ile kodi ya ardhi ya kila mwezi, isiyo na maandishi, iwe lizi, yaani mkataba wa kukodisha, ya miaka mingi iliyoandikwa na kusajiliwa. Lizi ya zaidi ya miaka miwili huhitaji kusajiliwa. Ikisajiliwa, mwenye ardhi hawezi kuwaondoa kwa sababu amepata mnunuzi wa ghorofa.

Vifungu vya kupigania ni vitatu. Kodi ipande kwa kiwango kilichotajwa, kila baada ya miaka mitano kwa mfano, na isiachwe "itakavyokubaliwa". Nyumba ithaminiwe na kulipwa lizi ikiisha bila kuongezwa. Na haki ya kurithisha iandikwe kwa maneno. Hata kwa mwenye ardhi binafsi asiyetaka kuuza, mazungumzo ya lizi huwa mepesi kuliko ya bei, kwa kuwa habanduki na ardhi ya babu yake.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inafaa wapi | Mzigo wa fedha | Kinachoiangusha mara nyingi |
|---|---|---|---|
| Kununua pamoja | Kundi dogo, mmiliki hai na mwenye nia | Wakaazi, kwa miezi | Mirathi, dalali, awamu |
| Serikali kununua | Shamba kubwa, maelfu ya watu | Serikali, kisha wakaazi kwa miaka | Bajeti, orodha bandia |
| Korti | Hakuna aliyewahi kulipa kodi wala kuomba ruhusa | Wakili na mpima | Stakabadhi, barua ya kukiri |
| Mpango na upimaji | Ardhi ya umma | Serikali na kaunti | Hifadhi za barabara, vipimo |
| Lizi | Wakfu, mmiliki asiyeuza | Kodi ya kila mwaka | Vifungu vya kodi vilivyoachwa wazi |

Tukiulizwa, kwa nyumba bila ardhi zenye stakabadhi tungeanza na lizi, kisha kununua, na korti tungeiacha kabisa. Kwa mashamba makubwa ya mabwanyenye wasiokuwepo, ambako hakuna kodi iliyowahi kulipwa, tungeangalia kwanza miaka 12 imetimia au la kabla ya yeyote kutaja neno "kununua" mbele ya mmiliki au serikali. Ardhi ikishakuwa ya serikali katikati ya hesabu hiyo, dai la korti limekwisha.

Hati ya kila mtu au hati ya jamii?

Swali hili huja baada ya yote hapo juu, na mara nyingi huamuliwa kwa dakika tano mwishoni mwa mkutano. Hati ya mtu mmoja humpa uwezo wa kukopa na kuuza. Humpa pia mwanawe aliyebanwa na madeni uwezo wa kumshinikiza auze. Hati ya jamii hushikwa na wadhamini waliosajiliwa, na kila familia hupewa lizi ndogo ya ploti yake: nyumba unaweza kuuza, ardhi haitoki. Mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi ulichukua njia hii miaka ya 1990, na unafaa kutembelewa na kamati yoyote ya Mombasa inayofikiria jambo hili, kwa kuwa mtaona faida na pia malalamiko ya wanachama waliotaka hati zao binafsi baadaye.

Udhaifu wa hati ya jamii ni wadhamini. Watatu wakifariki au wakihama, sahihi hazipatikani na kila kitu husimama. Katiba ya kundi iseme wadhamini ni wangapi, wanakaa miaka mingapi, nani huwabadilisha, na kwamba hakuna rehani inayoweza kuwekwa bila theluthi mbili ya wanachama wote. Theluthi mbili ya waliohudhuria haitoshi. Mkutano wa watu 15 siku ya mvua unaweza kuuza mtaa mzima.

Na wapangaji wa vyumba?

Kwenye nyumba ya vyumba sita, mwenye nyumba hukaa vyumba viwili na kupangisha vinne. Karibu kila mpango wa hati humhesabu mwenye nyumba pekee. Hati ikitoka, thamani hupanda, kodi ya chumba hupanda, na maskini zaidi wa mtaa ndio wa kwanza kuhama. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ipo, lakini inagusa tu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango kilichopitwa na wakati zamani. Kuinua kiwango hicho ni kazi ya Bunge, na ni mageuzi yanayostahili ombi lake peke yake.

Ngazi ya mtaa, kinachowezekana ni sharti ndani ya mpango au lizi: aliyepangisha siku ya kuhesabiwa asipandishiwe kodi kwa miaka fulani, na akitolewa apewe notisi ya miezi mitatu. Wenye nyumba hulipinga. Lipelekeni kwenye kura kabla ya hati kutoka, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayewasikiliza.

Lini na wapi pa kupeleka ombi

Kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Ombi la upangaji na upimaji liingie Agosti, likitaja mtaa, nambari ya ploti, idadi ya nyumba na kiasi cha fedha kilichokadiriwa na mpima. Likiletwa Mei, vikao vya maoni vitakuwa vya kuwapa chai na kuwaandika majina. Ombi la kununuliwa shamba lielekezwe kwa wizara ya ardhi, na Bunge lipewe nakala kama ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba.

Andika ukurasa mmoja, na nyuma yake uambatishe upekuzi rasmi, orodha iliyopigwa muhuri na mchoro wa mpima. Peleka nakala mbili: moja iachwe dawatini, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na irudi kwenye faili la kamati.